Mdomo Kukauka na Kuamka Kukojoa Usiku Baada ya Matibabu ya Saratani

"Kunywa maji mengi." Ushauri huo tumeutoa hewani mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Baada ya kipindi kimoja kuhusu maisha ya mgonjwa akishamaliza mionzi, mama mmoja alitupigia simu. Alikuwa amemaliza matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi miezi kadhaa nyuma. Akatuambia kwa upole: "Wanangu, nimefanya mlivyosema. Sasa usiku naamka mara sita. Choo kiko nje, nyuma ya zizi. Juzi nimeanguka."

Tulimuuliza maji hayo huyanywa saa ngapi. Akasema mengi huyanywa usiku, maana ndipo mdomo unapokauka hadi ulimi unagandia juu. Mchana yuko shambani, hakumbuki. Tukaona kosa letu. Tulimwambia anywe maji, hatukumwambia wakati, wala hatukumuuliza mdomo unakaushwa na nini. Makala hii ni ya kurekebisha hilo, kwa yeye na kwa wengine ambao wametuandikia meseji tangu siku ile.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba mdomo mkavu si sawa na kiu. Kiu ni mwili kupungukiwa maji. Mdomo mkavu mara nyingi ni mate kupungua, hata kama mwili una maji ya kutosha. Ukiutibu mdomo mkavu kama kiu, unamwaga vikombe viwili vitatu tumboni usiku wa manane, mdomo unalowa kwa dakika chache, kisha maji yote yanaishia kwenye kibofu. Unaamka, unakojoa, mdomo umekauka tena, unakunywa tena. Hadi jogoo anawika hujalala.

Kwa nini mdomo unakauka

Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Mate hayo hutoka kwenye tezi zilizo chini ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Mionzi ikipigwa kichwani au shingoni, kwa mfano kwa saratani ya koo, ya mdomo au ya nyuma ya pua, tezi hizo huumia. Kwa wengine mate hurudi kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mmoja au miwili. Kwa wengine hayarudi yote.

Lakini mama yetu wa zizini alipigwa mionzi ya nyonga. Tezi zake za mate hazikuguswa. Kilichomkausha yeye, kama alivyokuja kuambiwa hospitali, ni kidonge cha amitriptilini alichopewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, ambacho humezwa usiku. Mofini nayo hukausha mdomo. Zipo na dawa za kichefuchefu na za mzio zenye tabia hiyo. Amitriptilini ina jambo la pili: inaweza kufanya kibofu kisiishe vizuri, mtu akakojoa kidogo na baada ya muda mfupi akahisi mkojo tena. Usiache dawa kwa uamuzi wako, maumivu yatarudi. Nenda na pakiti zote kwa mtoa huduma, umweleze yanayokupata usiku. Kuna dozi zinazopunguzwa na kuna dawa zinazobadilishwa.

Kwa nini mkojo hauishi

Mionzi ya nyonga, iwe ni ya mlango wa kizazi, ya tezi dume au ya njia ya haja kubwa, hupita karibu na kibofu. Wakati wa matibabu kibofu huvimba na kuwasha, na kwa kawaida hutulia wiki chache baada ya kumaliza. Kwa baadhi ya watu, miezi au hata miaka baadaye, ukuta wa kibofu hukakamaa. Kibofu cha kawaida hubeba kama mililita 300 hadi 500. Kilichokakamaa hujaa mapema, na mwenye nacho hukimbilia chooni kwa mkojo mdogo.

Tuliseme na hili, kwa sababu tunaulizwa: mkojo huo hauna mionzi. Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini, na ile ya ndani inayowekwa kwa mlango wa kizazi, chombo kikishatolewa, hakuna kilichobaki. Bibi anaweza kulala na wajukuu wake. Tumesikia familia zilizomtengea mgonjwa choo na vyombo, na hakuna sababu ya kufanya hivyo.

Jambo linalotusumbua zaidi ni "UTI". Mtu akisema anakojoa mara kwa mara, jirani anamwambia ni UTI, duka la dawa linampa vidonge vya siku tano. Visiposaidia, anapewa vingine. Kweli, maambukizi ya njia ya mkojo yapo, na aliyepigwa mionzi ya nyonga anaweza kuyapata. Lakini kibofu kilichokakamaa hakitibiwi kwa antibayotiki, na kisukari hakitibiwi kwa antibayotiki. Dai kipimo cha mkojo kabla ya kumeza chochote.

Na kisukari tukitaje vizuri, maana mdomo mkavu pamoja na mkojo mwingi ndizo dalili zake za kwanza. Baadhi ya wagonjwa wa saratani hupewa dawa kama deksamethazoni au prednisoloni, na dawa hizo hupandisha sukari, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na kisukari. Kipimo cha kidole huchukua dakika moja. Ukiwa hujala tangu usiku na sukari ikasoma 7.0 au zaidi, au wakati wowote ikasoma 11.1 au zaidi na dalili hizi unazo, usirudi nyumbani bila kupangiwa hatua inayofuata.

Siku tatu za kopo na daftari

Hii ndiyo kazi tunayokuomba uifanye kabla ya kwenda kliniki. Haina gharama, na mhudumu atakayeipokea ataelewa mengi kuliko ukimwambia tu "nakojoa sana".

Tafuta kopo la plastiki lenye pande zilizonyooka ambalo halitatumika tena kwa chakula. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze, mimina kwenye kopo, chora mstari pale maji yalipofika. Hapo ni mililita 500. Katikati ya mstari na chini ya kopo chora mstari mwingine, 250. Kwa siku tatu mfululizo, kila ukikojoa, pima, kisha andika saa na kiasi. Andika pia ulichokunywa na saa uliyokunywa, chai na uji vikiwemo. Asiye na daftari ajitumie meseji kwenye simu yake. Asiyejua kuandika amwombe mjukuu, watoto wa shule hufanya kazi hii vizuri sana.

Ukimaliza, tazama picha inayojitokeza.

Kama kila mara ni kidogo, tuseme chini ya 150, mchana na usiku, shida huenda iko kwenye kibofu chenyewe: kimewashwa, kimekakamaa, kina maambukizi, au hakiishi vizuri.

Kama mchana ni kawaida lakini usiku kopo linajaa, mwili unatengeneza mkojo mwingi usiku. Jumlisha mkojo wote wa usiku na ule wa kwanza asubuhi. Ukizidi theluthi moja ya mkojo wote wa saa 24, hasa kwa mtu wa makamo na wazee, ndiyo hali hii. Inaweza kuwa ni kunywa sana jioni. Inaweza kuwa ni miguu iliyovimba mchana, maji yake yanarudi kwenye damu ukilala. Inaweza pia kuwa ni moyo, au kidonge cha presha cha kutoa maji kinachomezwa jioni badala ya asubuhi.

Na kama kopo linajaa mchana na usiku, jumla inapita lita tatu kwa siku, sukari ipimwe mapema. Kwa mgonjwa wa saratani, madini ya kalisi yakizidi kwenye damu huleta hali hiyohiyo: kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, uchovu, hata kuchanganyikiwa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mama yetu alipopima, mkojo wake ulikuwa wa aina mbili. Mchana kidogokidogo, usiku kopo linajaa. Yaani kibofu kilikuwa na lake, na maji ya usiku yalikuwa na lake. Hilo la pili alilirekebisha mwenyewe nyumbani.

Maji yahamie mchana

Usipunguze maji ya siku nzima. Wapo wanaoacha kunywa ili walale, na mkojo ukikolea unachoma kibofu zaidi na choo kinakuwa kigumu. Unachobadilisha ni saa. Kunywa vya kutosha kuanzia asubuhi, beba chupa shambani, na ifikapo saa kumi na mbili jioni uwe umekunywa sehemu kubwa. Saa mbili au tatu kabla ya kulala acha vikombe vikubwa. Chai ya rangi, kahawa, soda na pombe viepukwe jioni, vyote huchokoza kibofu. Aliyeambiwa na daktari apime maji kwa sababu ya moyo au figo afuate kipimo chake, si hiki chetu.

Miguu ikivimba, alasiri jilaze na uiinue juu ya mto kwa saa moja hivi. Utakojoa kabla ya kulala badala ya saa nane usiku.

Usiku, lowesha mdomo, usijaze tumbo

Weka kikombe kidogo karibu na kitanda. Ukiamka na ukavu, chukua fundo moja, lizungushe mdomoni, litemee kwenye kopo lingine. Ukimeza, liwe hilo moja. Wengine hutumia chupa ndogo ya kupulizia, ile ya saluni ikiwa mpya na safi, wanapuliza mara mbili kinywani na kulala. Paka midomo mafuta. Kabla ya kulala, sukutua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Dawa ya kusukutua yenye kilevi iache dukani, inakausha. Sigara na ugoro pia.

Mchana, tafuna jojo isiyo na sukari, tezi zilizobaki zitaamka. Pipi na ubuyu wa sukari hapana, tutaeleza kwa nini. Chakula kikavu kisindikizwe na mchuzi. Sisi wa Dodoma na Singida hapa tuna bahati: mlenda unateleza wenyewe, na ugali ulioshindikana kumezwa kwa nyama choma hushuka kwa mlenda bila shida. Bamia nayo ni hivyohivyo.

Meno ya aliyepigwa mionzi ya kichwa na shingo

Mate hulinda meno. Yakipungua, meno huoza haraka, na sukari au uchachu wa ubuyu, ukwaju na malimau huharakisha. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi na mswaki laini. Ukiona utando mweupe ulimini au mashavuni, au mdomo unawaka, yaweza kuwa fangasi, na dawa yake ipo.

Jino likiuma, usikubali ling'olewe na yeyote kabla hujamwambia kwamba taya lako lilipigwa mionzi. Mfupa uliopigwa mionzi hupona kwa shida, na pengo linaweza kugeuka kidonda cha mfupa kisichofunga, hata miaka mingi baada ya matibabu. Daktari wa meno awasiliane na hospitali iliyotoa mionzi, iwe Ocean Road, Bugando au nyingine.

Njia ya chooni

Kuanguka gizani kunaweza kumvunja nyonga mtu aliyeishinda saratani. Ndoo yenye kifuniko chumbani si aibu. Wanaume nao wakae, wasisimame, usingizi ukiwa bado machoni. Ukiamka, keti kwanza kitandani kwa dakika moja, hasa kama unameza dawa ya maumivu au ya presha. Lazima utoke? Tochi iwe mahali pamoja kila siku, simu yenye chaji chini ya mto, na njia isiwe na jembe, kamba ya mbuzi wala beseni. Mama yule alitegwa na beseni.

Nenda kituo cha afya bila kungoja tarehe ya kliniki ukiona damu kwenye mkojo, homa pamoja na maumivu ya mgongo au kiuno, mkojo kugoma kabisa, au miguu kufa ganzi na kukosa nguvu. Mwanamke anayevuja mkojo muda wote ukeni, mchana na usiku, asivae kitambaa na kunyamaza. Huenda kibofu kimetoboka, na hilo linahitaji hospitali kubwa. Beba daftari la siku tatu, pakiti zote za dawa, na karatasi ya hospitali inayoonyesha mionzi ilipigwa sehemu gani ya mwili. Karatasi ikichanika au kulowa, hali inakuwa ngumu, kwa hiyo ipige picha kwenye simu leo.