Njia ya Mwezini ilipita Tunguu

Jumanne ya Februari 20, 1962, ilikuwa katikati ya Ramadhani. Unguja watu walikuwa wakiandaa futari, na mwezi mpevu ulikuwa haujachomoza bado. Yapata saa 12 na robo jioni, Mmarekani aitwaye John Glenn alikatiza juu ya pwani ya Afrika Mashariki kwa mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa, akiwa amejibana ndani ya chombo kilichomtosha yeye peke yake. Nusu saa tu ilikuwa imepita tangu arushwe kutoka Florida. Huko chini, katika kituo cha redio kilichojengwa Tunguu, Unguja, mafundi walikuwa wameshavaa vipokea sauti vyao masikioni wakimsubiri.

Aliyekuwa na haja naye zaidi alikuwa daktari. Wakati ule hakuna aliyejua kwa hakika moyo wa binadamu utafanyaje ukikaa muda mrefu bila kuhisi uzito, kwa hiyo Glenn alitakiwa avute kamba ya mpira kama mtu afanyaye mazoezi, kisha apimwe shinikizo la damu kupitia kifaa alichofungwa mkononi. Namba zilishuka Zanzibar kwa mawimbi ya redio. Zilikuwa nzuri. Dakika chache baadaye chombo kilitoweka upande wa Bahari ya Hindi, kikapokewa na meli iliyokuwa mbali na nchi kavu, kisha na Australia.

Kila Julai 20, dunia inapoadhimisha siku ambayo watu walitua Mwezini kwa mara ya kwanza, masimulizi huanzia Florida na kuishia Houston. Si kosa, maana fedha, roketi na wanaanga vilitoka huko. Lakini safari ile, na zile za kina Glenn zilizoitangulia, hazikuwa za nchi moja kwa maana ya kiufundi. Zilihitaji ardhi ya watu wengine, na ardhi ya watu wengine ina siasa zake.

Sababu ilikuwa nyepesi. Mwaka 1960 hapakuwa na satelaiti za kupokezana mawasiliano ya vyombo vya angani. Redio ya chombo ilisikika tu pale chombo chenyewe kilipokuwa juu ya upeo wa macho, na kwa kimo alichoruka Glenn, kituo kimoja kiliambulia dakika chache kabla chombo hakijapotea. Marekani ikalazimika kuizungushia dunia vituo 18, vingine vikiwa juu ya meli. Ukichora ramani ya mzunguko wa kwanza wa Glenn, mstari unavuka Atlantiki, unagusa visiwa vya Canary, unapita Kano nchini Nigeria, halafu unatokea Zanzibar. Hivyo Unguja ilichaguliwa kwa sababu ya hesabu za njia ya angani.

Mkataba wa kuweka kituo ulifungwa Oktoba 1960 kati ya Marekani na Uingereza, kwa kuwa Zanzibar ilikuwa bado chini ya himaya ya Waingereza. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuchacha. Wanasiasa wa mrengo wa kushoto, Abdulrahman Mohamed Babu akiwa mmoja wa sauti zao kubwa, walikiona kituo kile kama mguu wa kijeshi wa Marekani uliopenyezwa visiwani. Mitaani yakavuma maneno kwamba ni kambi ya makombora.

Leo ni rahisi kuwacheka. Isiwe hivyo. Tunguu hapakuwa na kombora hata moja, bali antena, redio na mashine za kurekodi takwimu. Lakini roketi iliyomrusha Glenn ilikuwa Atlas, nayo iliundwa kwanza kubeba bomu la nyuklia kuvuka mabahari. Oktoba 3, 1962, Walter Schirra aliruka juu ya roketi ya aina hiyohiyo, na kabla mwezi huo haujaisha Marekani na Urusi zilikuwa zimefika ukingoni mwa vita kwa sababu ya makombora yaliyopelekwa Cuba. Mzanzibari aliyeshindwa kutofautisha roketi ya sayansi na roketi ya vita hakuwa mjinga. Wenyewe waliozitengeneza walitumia chuma kilekile.

Mwanaanga wa mwisho wa mradi uliomrusha Glenn, Gordon Cooper, aliruka Mei 1963 na kuizunguka dunia mara 22. Siku zilezile wajumbe wa nchi huru za Afrika walikuwa wakikusanyika Addis Ababa, katika mikutano iliyozaa Umoja wa Nchi Huru za Afrika Mei 25. Cooper, akipita juu ya Zanzibar, alituma salamu kwa Afrika na kuwatakia heri viongozi waliokuwa Addis. Ilikuwa propaganda, ndiyo, na ilipangwa vizuri. Hata hivyo si kila siku bara linatumiwa salamu kutoka angani.

Miezi minane baadaye kila kitu kiligeuka. Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963, na Januari 12, 1964, Mapinduzi yakauondoa utawala wa Sultani. Siku iliyofuata manowari ya Marekani, Manley, iliwachukua Wamarekani waliokuwa kisiwani, wakiwemo watu wa kituo. Babu akawa waziri katika serikali mpya, na Aprili mwaka huohuo Rais Abeid Amani Karume akataka mitambo iondolewe. Ikang'olewa. Mwezi huohuo Zanzibar na Tanganyika zikaungana.

Kazi ya kuchunga anga la upande huu wa Bahari ya Hindi ikahamia Madagascar, katika kituo kilichojulikana kwa jina la wakati huo la mji mkuu, Tananarive. Huko ndiko Afrika ilikoendelea kuwamo safarini. Apollo 11 iliporushwa Julai 16, 1969, saa 10:32 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, iliizunguka dunia kwanza mara moja na nusu kabla ya kuwashwa kuelekea Mwezini, na katika mzunguko huo wa kwanza waongozaji wa safari waliokuwa Houston waliwaita wanaanga kupitia Tananarive.

Siku nne baadaye, usiku wa Jumapili, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walikuwa wakishuka huku Michael Collins akibaki juu kwenye chombo mama. Kompyuta yao ikaanza kutoa tahadhari, namba 1202, ambayo wao wenyewe hawakuitambua. Huko Houston uamuzi wa kuendelea au la ulimwangukia kijana wa miaka 26, Steve Bales, na mwenzake wa miaka 24, Jack Garman, aliyekuwa ameziandika tahadhari hizo kwenye karatasi kabla ya safari. Kompyuta ilikuwa imeelemewa na kazi, lakini programu yake, iliyoandikwa na kikosi kilichoongozwa na Margaret Hamilton, ilijua kuacha yasiyo ya lazima na kushika la muhimu. Bales akasema waendelee. Armstrong akachungulia dirishani, akaona wanapelekwa kwenye uwanja wa mawe makubwa, akashika usukani mwenyewe na kukiambaza chombo mbele huku Houston ikimhesabia mafuta: sekunde 60, kisha 30. Wakagusa udongo saa 5:17 usiku, kwa saa zetu.

Hatua yenyewe ilikuja baada ya zaidi ya saa sita. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ilikuwa Jumatatu, saa 11:56 alfajiri. Mwezi ulikuwa mchanga bado na ulikwishatua, kwa hiyo aliyetoka nje kuutazama hakuuona. Kwenye televisheni nako ilikuwa vigumu: Zanzibar ilipata kituo chake mwaka 1973, Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, na Kenya, iliyokuwa nayo tangu 1962, ilifungua kituo cha satelaiti cha Longonot mwaka mmoja baada ya tukio. Hapa kwetu safari ya Mwezini ilikuwa habari ya redio kwanza, ya gazeti baadaye. Picha za hatua hiyo zilizooneshwa duniani zilipokelewa Australia na antena ya Honeysuckle Creek, na nyingi zilizofuata na ile kubwa ya Parkes.

Wanaanga hao watatu walizungushwa duniani kati ya Septemba na Novemba 1969, nchi zaidi ya 20, kuonekana na kupigwa picha. Kati ya miji yote ya Afrika bara walisimama Kinshasa tu, kwa mwenyeji wao Mobutu. Dar es Salaam haikuwamo.

Pwani ya Waswahili, hata hivyo, haikuachana na anga. Wakati Tunguu inafungwa, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walikuwa wakijenga jukwaa la kurushia roketi baharini, Ngomeni karibu na Malindi. Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani iliondoka hapo na satelaiti ambayo msimamizi wake, mhandisi Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kupima eksirei za nyota.

Nayo ina undugu na Mwezi. Mwanasayansi aliyeiongoza, Riccardo Giacconi, alikuwa amerusha roketi ndogo kutoka New Mexico mwezi Juni 1962 kutafuta kama Mwezi unatoa eksirei. Mwezi haukumpa alichotafuta. Vifaa vyake vilinasa badala yake kitu kikali mno upande wa kundinyota la Nge, mbali kabisa na mfumo wa jua, na swali hilo jipya ndilo lililomleta hadi Malindi. Uhuru ilifanya kazi hadi 1973 na kuorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya eksirei. Mwaka 2002 Giacconi alitunukiwa Nobeli ya Fizikia.