Tarehe ya Bandari ya Bristol na Ukoo wa DeWolf

Bandari ya Bristol, katika jimbo dogo la Rhode Island upande wa kaskazini mashariki ya Marekani, ilianzishwa mwaka 1680 juu ya ardhi ya Wawampanoag, miaka minne baada ya mkuu wao Metacom kuuawa papo hapo penye kilima cha Mount Hope. Na waliokuja kuijenga, kwa kuwa ardhi yao ilikuwa haba na miwa haikuota kwao, waliielekea bahari, wakawa wakipeleka vitunguu, farasi na samaki wa chumvi katika visiwa vya Karibi, ambako watumwa walilimishwa sukari, na mabwana zao waliona hasara kuacha hata ukingo wa shamba upandwe chakula.

Shehena ya kurudia ilikuwa asali nyeusi ya miwa, nayo ilikenekwa ikawa ramu; ramu ikapelekwa pwani ya Guinea kununulia watu, na watu hao wakauzwa Havana au Charleston ili ipatikane asali nyingine. Mwaka 1764, watawala wa Rhode Island walipomlalamikia Mwingereza juu ya ushuru wa asali hiyo, waliandika wenyewe, pasipo haya, kwamba koloni yao ilikuwa na viwanda zaidi ya 30 vya kukeneka, na kwamba kila mwaka merikebu zipatazo 18 zilikwenda Afrika. Basi anayedhani kwamba utumwa wa Marekani ulikuwa shughuli ya watu wa Kusini peke yao, na asome waraka huo.

Mark Anthony DeWolf, mzaliwa wa Guadeloupe, alifika Bristol akimtumikia nahodha Simeon Potter, akamwoa dada wa nahodha huyo mwaka 1744. Na tangu mwaka 1769, ukoo wake ulipoanza safari hizo, hata ulipokoma, ulivusha bahari Waafrika zaidi ya 10,000. Aliyewapita wote kwa mali na kwa ukavu wa moyo alikuwa mwanawe James, ambaye baharia wake, John Cranston, alishuhudia mbele ya baraza la mashtaka mjini Newport mwaka 1791 jinsi mwanamke aliyeugua ndui alivyofungwa kitini, akazibwa kinywa na kuteremshwa baharini angali hai, na jinsi nahodha, naye ndiye James mwenyewe, alivyosikitika baadaye kwa kupoteza kiti kizuri. James akakimbilia Karibi mpaka mambo yalipopoa. Hakupata adhabu yoyote.

Sheria, kwa hakika, zilikuwapo. Rhode Island iliharimisha biashara hiyo kwa raia wake mwaka 1787, na serikali kuu ikakataza mwaka 1794 kutayarisha merikebu za kupeleka watumwa nchi za kigeni. Lakini mwaka 1799, merikebu iitwayo Lucy, mali ya Charles DeWolf, ilipokamatwa na kutiwa mnadani, na ofisa wa forodha Samuel Bosworth alipoamriwa ainunue kwa niaba ya serikali, watu waliojivika kama Wahindi Wekundu walimnyakua gatini wakamchukua kwa mashua hadi Mount Hope, na huku nyuma merikebu ikarudi kwa wenyewe kwa dola 10. Miaka mitano baadaye Rais Jefferson alimteua Charles Collins, shemeji wa James, kuwa mkuu wa forodha ya Bristol. Tangu hapo hapakuwa na haja ya kumnyakua mtu.

Wala tusidhani kwamba faida ilibaki kwa ukoo mmoja. Mafundi wa mapipa, washona matanga, wahunzi waliofua pingu, wakulima wa vitunguu, hata wenye maduka madogo walionunua hisa ya safari, wote walikula katika sahani hiyo. Na akina DeWolf, wakiwa na kiwanda chao cha kukeneka, benki yao na kampuni yao ya bima, waliweza kukopesha safari, kuikatia bima na kuishehenesha pasipo fedha kutoka nje ya nyumba.

Baada ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 1808 kuharimisha kabisa kuingiza watumwa nchini, James alitia mali yake katika kiwanda cha nguo, na pamba iliyosokotwa humo ililimwa na watumwa wa Kusini. (Kwa pamba ya namna hiyo viwanda vya jirani zao wa Massachusetts vilifuma merikani, ambayo merikebu za Salem ziliileta Unguja kubadilishana na pembe.) Mpwa wake George, aliyetegemea mashamba yake ya Kuba kwa mikopo mingi kupita kiasi, alifilisika mwaka 1825, akatoroka usiku pamoja na ahali yake kwenda huko huko Kuba, benki ikaanguka, nao watu wa mjini, ambao akiba zao zilikuwa mikononi mwake, wakaivamia nyumba yake ya Linden Place wakabeba kila kilichobebeka. James hakutetereka. Alikuwa Seneta tangu mwaka 1821, akajiuzulu mwaka huo huo wa msiba, na alipofariki mwaka 1837 alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Marekani.