Kabla ya kununua kompyuta ya ofisi: namna ya kulinganisha ubora, uwezo na bei

Kila mwaka bajeti zinapopitishwa, waandishi na waweka hazina wa parokia wanatuuliza swali lile lile: tununue kompyuta gani? Wengine wanatutumia picha ya mashine waliyoiona dukani pamoja na bei yake, wakiomba tuseme ndiyo au hapana. Kwa picha peke yake hatuwezi kusema. Katika makala hii tunaeleza namna sisi wenyewe tunavyolinganisha mashine kabla ya kutoa pesa, maana tulijifunza kwa hasara.

Tuanze na hasara hiyo. Miaka michache iliyopita ofisi yetu ilinunua kompyuta mpya ya mkononi, nyembamba na nyepesi, ikiwa bado ndani ya nailoni yake. Bei ilitupendeza, na hatukuuliza ndani mna nini. Ndani mlikuwa na hifadhi ya GB 64 tu, iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Baada ya miezi sita ilijaa, na Windows ikashindwa kujisasisha. Mwezi wa kumi na nne bawaba ya kifuniko ilivunjika, na wiki chache baadaye mashine ilizimika isiwake tena. Fundi aliifungua akatuonyesha kwamba hakuna disiki ya kuchomoa na kusoma katika mashine nyingine. Hesabu za miezi minne zilikuwa humo, pamoja na orodha ya karo za watoto yatima. Tulizijenga upya kutoka kwenye stakabadhi, moja baada ya nyingine, na kwa wiki tano mweka hazina wetu alitazamwa kama mwizi. Hakuwa ameiba kitu. Ndiye aliyekuwa ameomba nakala ya pili iwekwe mahali pengine, na sisi tulimjibu kwamba tutaona.

Wakati huo mwandishi wetu aliendelea kuandika barua kwenye ThinkPad ya okazio, nene, nyeusi, yenye mikwaruzo, iliyotufikia baada ya kutumika miaka kadhaa Ulaya. Inafanya kazi mpaka leo.

Jina moja, mashine za namna mbili

Watu wanauliza kama HP ni bora kuliko Dell. Swali hilo halina jibu, kwa sababu kila mtengenezaji mkubwa anauza mashine za nyumbani na mashine za kazi chini ya jina lile lile la kampuni. HP imeuza Pavilion kwa nyumba, halafu ProBook na EliteBook kwa ofisi. Dell ilikuwa na Inspiron kwa nyumba na Latitude kwa kazi. Tangu 2025 kampuni hiyo imeanza kuziita mashine zake mpya za kazi Dell Pro. Lenovo ina IdeaPad na ThinkPad. Jina la ThinkPad lilianza kwa IBM mwaka 1992, na Lenovo ilinunua sehemu hiyo ya kompyuta mwaka 2005.

Tofauti haionekani sana siku ya kwanza. Inaonekana mwaka wa tatu. Mashine ya kazi kwa kawaida ina bawaba za chuma zenye nguvu, klavye isiyolegea upesi, na kifuniko cha chini kinachofunguliwa kwa skrubu za kawaida. Mtengenezaji anaweka kitabu cha kuifungua na kubadili vipande vyake bure kwenye intaneti. Tena kampuni na serikali za nje hununua aina moja kwa mamia, kwa hiyo vipuri vyake vinapatikana kwa miaka mingi. Kwetu jambo hili ni kubwa kuliko mwendo wa mashine. Batri, klavye au kioo kikiharibika Butembo au Uvira, fundi ataweza kukipata?

Mashine nyingi za kazi zina maneno MIL-STD-810 kwenye matangazo yake. Hiyo ni kanuni ya jeshi la Marekani ya kupima vifaa kwa joto, vumbi, mtikisiko na kadhalika. Ni dalili nzuri, lakini mtengenezaji mwenyewe ndiye anayechagua majaribio ya kufanya, na garanti hailipi mashine iliyoanguka kwenye pikipiki.

Tusitukuze mashine za kazi kupita kiasi. Zile nyembamba zaidi, kama ThinkPad X1 Carbon, zina memori iliyolehemiwa kwenye bodi: utakayonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 na Latitude 5490, zote za 2018, si nyembamba hivyo, lakini zina nafasi mbili za memori na disiki inayobadilishwa. T480 ina hata batri ya nje inayotolewa bila kufungua kitu.

Kusoma namba za ndani

Hapa ndipo wengi wanadanganyika, kwa sababu muuzaji anasema “hii ni i7” na mnunuzi anatosheka. Angalia namba inayofuata. Katika i5-8250U, tarakimu 8 ni kizazi cha nane. Katika i5-10210U ni kizazi cha kumi, na i5-1135G7 ni kizazi cha kumi na moja. Prosesa i7-5600U ni ya kizazi cha tano na ina viini viwili tu. I5-8250U ina vinne. Kwa hiyo i7 ya zamani inaweza kushindwa na i5 iliyokuja nyuma yake.

Kizazi cha nane ni mpaka muhimu. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane au zaidi kwa karibu mashine zote, pamoja na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mashine za kizazi cha sita na cha saba zimebaki nje, ingawa nyingi bado ni nzima kabisa. Tena T480 na wenzake wa mwaka ule waliuzwa wengine wakiwa na prosesa ya kizazi cha saba. Jina la nje ni lile lile, ila la ndani si lile, kwa hiyo ni lazima kuiwasha na kusoma. Kama mashine ni ya zamani na bei ni ndogo kweli, inaweza kuwekewa Linux, kwa mfano Ubuntu, pamoja na LibreOffice, vyote bure. Kwa barua, ratiba na majedwali inatosha. Lakini uliza kwanza kama programu yenu ya hesabu inafanya kazi humo.

Memori: GB 8 ni kiwango cha chini cha kazi ya ofisi leo. Ukiweza kupata 16, au nafasi ya kuongeza baadaye, ni afadhali. Disiki iwe SSD, GB 256 au zaidi. Disiki ya zamani inayozunguka inaogopa mtikisiko, na barabara zetu tunazijua.

Umeme kwanza

Katika mikoa yetu tungeweza kuanza na swali hili, na labda tungepaswa. Kompyuta ya mkononi inayofanya kazi ya kuandika inakula wati kama 10, mwangaza wa kioo ukiwa wa kadiri. Kwa siku ya masaa manane ni wati-saa 80 hivi. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kula mara kadhaa ya hapo, na umeme ukikatika inazimika pamoja na barua uliyokuwa ukiandika. Parokia inayotegemea umeme wa jua au jenereta ya masaa mawili jioni haina sababu kubwa ya kununua ya mezani.

Usiamini “masaa 12” yaliyoandikwa kwenye boksi. Soma wati-saa za batri, zinazoandikwa Wh. Batri ya Wh 50 kwenye mashine inayokula wati 10 itakupa masaa matano. Kwa mashine ya okazio, fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, na mashine itatengeneza ripoti. Linganisha namba mbili: uwezo batri iliyoundwa nao, na uwezo inaoweza kujaza sasa. Kama iliundwa kwa Wh 50 na sasa inajaza 31, imebaki asilimia 62. Hilo si kosa, batri inachakaa, lakini bei ishuke, maana utanunua nyingine.

Angalia pia mlango wa chaja. Mashine nyingi za kazi za miaka ya karibuni zinachajiwa kwa mlango mdogo wa USB-C. Faida yake ni kwamba chaja ya gari yenye nguvu ya kutosha, mara nyingi wati 65, inaweza kuichaji kutoka kwenye batri ya volti 12 ya umeme wa jua, bila kupitia inveta inayopoteza sehemu ya umeme. Chaja ya simu haitoshi. Na mahali ambapo umeme unarudi kwa kishindo, chomoa chaja umeme unapokatika, na usubiri dakika chache kabla ya kuirudisha.

Klavye, kioo na milango

Mashine za okazio zinatoka nchi mbalimbali pamoja na klavye zake. Zile za Uingereza na za Ghuba ni QWERTY, za Ujerumani ni QWERTZ, za Ufaransa ni AZERTY, na za Ubelgiji ni AZERTY pia ila alama kadhaa zimehamishwa. Kiswahili kinaandikika kwa yoyote kati ya hizo. Taabu inakuja katika ripoti za Kifaransa, zenye é na ç katika kila mstari, hasa kwa mwandishi aliyejifunza kwa AZERTY na anayeandika bila kutazama vidole.

Kioo kiwe cha 1920 kwa 1080. Kile cha 1366 kwa 768 kinabana majedwali ya hesabu. Kama mnatumia projekta ya zamani, angalia kama ina mlango wa VGA au HDMI, mlinganishe na mashine. La sivyo hesabu bei ya kiunganishi.

Nusu saa dukani

Usinunue mashine ya okazio iliyozimwa, wala usikubali kuharakishwa. Andika barua ya mistari kumi ukigusa kila herufi. Fungua na kufunga kifuniko mara kadhaa. Chomeka flashi katika kila mlango, cheza sauti, jaribu kamera, unganisha na intaneti ya simu yako. Programu ya bure CrystalDiskInfo inaonyesha afya ya disiki na masaa iliyokwisha kutumika.

Kisha jambo ambalo wachache wanalijua: kufuli. Mashine ya kampuni inaweza kubaki imesajiliwa kwa kampuni ile. Iwashe na ujaribu kuingia kwenye mpangilio wa BIOS. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache. Windows ikiwekwa upya na kuunganishwa na intaneti, halafu ikaonyesha jina la kampuni na kuomba mfanyakazi wake aingie, iache pia, hata bei ikiwa nusu. Huenda iliibiwa, au haikufutwa vizuri katika orodha. Kwa vyovyote ofisi ya kanisa haina kazi na kitu kama hicho.

Chukua namba ya mashine iliyo chini yake, kwa Dell ni herufi na tarakimu saba, uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji. Utaona ni aina gani na kama garanti ingalipo. Uliza kama garanti hiyo inatumika nchini mwetu. Nyingine zimefungwa na nchi ya kwanza ya kuuzwa. Namba hiyo hiyo iandikwe kwenye fakture. Fakture isemayo tu “kompyuta moja” haimsaidii mweka hazina siku ya ukaguzi.

Bei kwa mwaka

Tunalinganisha bei kwa kuigawanya kwa miaka. Tuseme mashine mpya ya nyumbani ni dola 450 na tunategemea miaka mitatu: ni dola 150 kwa mwaka. Mashine ya kazi ya okazio ni dola 300, ongeza 40 za batri, miaka minne: ni dola 85. Mashine mpya ya kazi ni dola 900 kwa miaka sita: tunarudi kwenye 150, lakini safari hii na garanti na vipuri. Namba hizi ni mfano tu; wekeni bei za soko lenu, pamoja na usafiri na ushuru kama inavuka mpaka. Kwa parokia ndogo hesabu hiyo karibu kila mara inatupeleka kwenye okazio ya kazi iliyopimwa vizuri. Kwa ofisi ya wilaya inayoshika pesa za miradi, tungetafuta mpya ya kazi, kama fedha ipo.

Katika bei hiyo hiyo ongezeni disiki ya nje, na muipitishe kwenye kamati siku ile ile, kwa sababu baadaye haitapita. Kama Windows imefunga disiki ya ndani kwa BitLocker, andikeni ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi, uwekwe sandukuni. Sisi sasa tunafanya nakala kila Ijumaa saa nane, na disiki ya nje inalala nyumbani kwa mweka hazina, yule yule.