Antena kitanzi

Kuna antena ambayo fundi huitengeneza nyumbani kwa kuzungusha waya wa shaba kwenye fremu ya mbao, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ncha ya mwisho irudi karibu na ilipoanzia. Kwa Kiswahili mtu anaweza kuiita antena duara, antena pete, antena fremu au antena kitanzi. Mimi nasimama na kitanzi, na sababu zangu zinatoka kwenye kifaa chenyewe.

Thamani ya kifaa hiki huonekana zaidi kwenye masafa ya chini. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka 2007 uliwatengea watu wa redio ya ridhaa kipande chembamba kati ya 135.7 na 137.8 kHz, mwaka 2012 wakaongezewa 472 hadi 479 kHz. Wimbi la 137 kHz lina urefu wa karibu meta 2,190. (Msomaji akikuta “masafa marefu” kwa mtangazaji na “masafa ya chini” kwa fundi, asidhani ni mambo mawili. La kwanza linataja urefu wa wimbi, la pili idadi ya mitetemo kwa sekunde, na wimbi likirefuka mitetemo hupungua.) Antena ya kawaida ya kusimama hutakiwa kuwa na robo ya urefu huo, yaani zaidi ya meta 500. Nani ana mlingoti wa namna hiyo nyuma ya nyumba?

Waya uliozungushwa hupita njia nyingine. Hunasa upande wa sumaku wa wimbi, kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831: uga wa sumaku unaobadilika ndani ya mzunguko wa waya huzalisha umeme katika waya huo. Kinachoamua nguvu ya umeme huo ni ukubwa wa eneo lililozungukwa na idadi ya mizunguko. Chukua fremu ya mraba yenye meta 1 kila upande, zungusha waya mara 20 ukiacha nafasi ya milimita 5 hivi kati ya mzunguko na mzunguko. Utatumia meta 80 za waya na kupata koili ya karibu milihenri 1. Ili koili hiyo iitikie 137 kHz, iunganishe na kapasita ya takriban pF 1,400. Kapasita ya kuzungusha iliyotolewa kwenye redio kuukuu peke yake haifiki hapo, kwa hiyo sambamba nayo weka kapasita zisizobadilika, kisha tumia ile ya kuzungusha kusaka mahali sauti inapopanda. Mzunguko mmoja wa waya mwingine, uliowekwa kwenye fremu hiyohiyo bila kugusana na koili, ndio unaopeleka mawimbi kwenye redio.

Sasa tazama majina. Duara linataja umbo, na fremu yetu ni mraba. Pembetatu nayo ingefanya kazi. Pete haina ncha, ilhali antena hii bila ncha mbili haiwezi kufungwa kwenye kapasita. Fremu ni jina la mbao, na waya huohuo ukitundikwa kwenye miti mitatu bado ni antena ileile. Kitanzi ni uzi uliozunguka ukarudi, ukafunga eneo ndani yake, ncha zikabaki mkononi mwa mtegaji. Wapo watakaosema neno hili linanuka kifo. Lakini watoto wengi wamelijua kwanza kwa kutegea ndege, na kunasa ndiyo kazi ya antena.

Sifa ninayoipenda kuliko zote ni ya mwelekeo. Ukingo wa kitanzi ukielekea kituo, sauti huwa kubwa. Uso wake ukielekea huko, sauti hufifia hadi kukaribia kupotea. Waliowahi kugeuzageuza redio ya betri wakitafuta kituo cha masafa ya kati wanaijua tabia hii, kwa sababu ndani ya redio ile mna koili iliyozungushwa kwenye kijiti cha feraiti, nayo ni kitanzi kidogo. Kwenye masafa ya chini, ambako chaja na taa za LED za jirani hupiga kelele kuliko vituo, fundi hugeuza fremu mpaka kelele izimike na kituo kibaki.

Kurusha mawimbi kwa kitanzi ni jambo jingine. Volti kwenye kapasita hupanda hadi kiwango cha hatari, na kwa Tanzania leseni hutoka kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Anayeanza aanze kwa kusikiliza. Nao wanaotunga kamusi zetu za ufundi nawaomba waandike antena kitanzi, na katika fasili yake wataje eneo na mizunguko kabla ya kutaja umbo.