Nati za gurudumu zikikwama, nguvu peke yake haitoshi

PANCHA si jambo la kumtia dereva hofu iwapo ana gurudumu la akiba, jeki na spana. Mara nyingi kinachomkwamisha njiani ni kitu kidogo mno: nati isiyokubali kufunguka. Jua linatua, malori yanapita kwa kasi, spana inateleza na kila inapoteleza pembe za nati zinazidi kulika.

Nati hukwama kwa sababu mbalimbali, na ni heri sababu hiyo itambuliwe kabla ya mtu kushika nyundo. Dawa ya kutu si dawa ya nati iliyokazwa kupita kiasi.

Kutu ndiyo adui mkongwe. Magari ya Mombasa, Kilifi na Lamu hupambana na hewa ya chumvi ambayo hula chuma upesi kuliko hewa ya bara. Isitoshe, magari mengi ya Kenya huletwa yakiwa yametumika Japani, na baadhi yake yalitembea kaskazini mwa nchi hiyo, ambako chumvi humwagwa barabarani majira ya baridi ili kuyeyusha theluji. Gari la aina hiyo huweza kufika bandarini likiwa na rangi ya kupendeza juu, ilhali chini yake boliti zimekwisha kushikwa na kutu.

Sababu ya pili ni ya kujitakia. Nati za gari dogo kama Toyota Corolla zinapaswa kukazwa kwa nguvu ya nyutonimita 103. Mtu mwenye uzani wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 30, hutoa nguvu inayozidi nyutonimita 200, yaani takribani maradufu ya inayohitajika. Ile desturi ya kurukaruka juu ya spana wakati wa kufunga, ambayo wengi huidhani kuwa ni uangalifu, ndiyo humtesa dereva siku ya pancha. Mashine za kufungia nati kwa nguvu za hewa nazo huleta balaa lilo hilo zinapotumiwa bila kipimo.

Kabla ya kugusa nati, gari liegeshwe mahali tambarare na pagumu, mbali na njia ya magari mengine. Abiria washuke na kusimama kando, breki ya mkono ivutwe, na mawe mazito yawekwe mbele na nyuma ya gurudumu lililo upande wa pili. Pembetatu za onyo ziwekwe mbali vya kutosha kumpa dereva anayekuja muda wa kupunguza mwendo. Matawi ya miti ambayo wengi huyatandaza barabarani hayaonekani vyema usiku, na mara nyingi huachwa papo hapo na kuwa hatari kwa wengine.

Jeki isubiri. Nati hulegezwa gurudumu likiwa bado limekanyaga ardhi, kwani likiinuliwa litazunguka pamoja na spana, na kulivuta kwa nguvu huweza kuliangusha gari kutoka kwenye jeki. Kosa hili huonekana kuwa la kitoto, lakini limewagharimu watu vidole na hata maisha.

Nati za magari madogo karibu zote hufunguliwa kinyume cha mwendo wa akrabu za saa. Hata hivyo, wenye malori wawe macho. Malori mengi ya Kijapani ya miundo ya awali, yakiwemo ya Isuzu na Mitsubishi Fuso, yana nati za upande wa kushoto zinazofunguliwa kwa kufuata mwendo wa akrabu. Zile Bedford kuukuu za Uingereza zilikuwa hivyo hivyo. Mara nyingi ncha ya boliti huchorwa herufi L au R. Utingo asiyelijua hili anaweza kuhangaika kutwa nzima, huku kila jitihada yake ikizidi kuikaza nati anayotaka kuifungua.

Spana nayo ichunguzwe. Soketi yenye pembe sita hushika nati pande zote, wakati ile ya pembe kumi na mbili hushika kwenye ncha za pembe tu na huzilika kwa urahisi. Soketi isukumwe hadi mwisho, na mkono wa spana ulazwe kuelekea kushoto kwa mtu anayelikabili gurudumu, ili nguvu ielekezwe chini. Kusukuma chini kwa uzani wa mwili kuna manufaa zaidi, na humwepusha mtu na maumivu ya mgongo.

Ikiwa bado nati haitikisiki, bomba la chuma livishwe kwenye mkono wa spana. Hapo hesabu hubadilika: mtu yule yule wa kilo 70 kwenye bomba la mita moja hutoa karibu nyutonimita 700. Nguvu hiyo inatosha kuvunja boliti, kwa hivyo bomba lisukumwe polepole na kwa utulivu, si kwa kurukiwa. Wakati mwingine nati hukubali ikikazwa kidogo kwanza kisha ikafunguliwa, maana mtikiso huo wa kwenda na kurudi huvunja ganda la kutu.

Kutu ikiwa ndiyo chanzo, mafuta ya kupenyeza huleta nafuu. WD-40, iliyotengenezwa mwaka wa 1953 huko San Diego, Marekani, kwa shabaha ya kufukuza unyevu kwenye vyuma, ndiyo inayojulikana na wengi, ingawa mafuta yaliyoundwa mahsusi kwa kazi ya kupenya kutu hufaa zaidi. Mafundi wengi wa jua kali hutumia mafuta ya taa au dizeli, nayo husaidia iwapo kuna subira. Uzi wa boliti usuguliwe kwanza kwa brashi ya waya, mafuta yatiwe, nati igongwe kwa nyundo mara kadhaa, kisha iachwe kwa dakika kumi na tano au zaidi. Ikiwa gari liko nyumbani, yatiwe jioni na kazi ifanywe asubuhi. Nati zilizozibwa kichwani hutatiza, kwa sababu mafuta hayana pa kupitia ila pale nati inapokutana na rimu. Yasiachwe kutiririkia kwenye breki.

Nati ambayo pembe zake zimelika haihitaji nguvu bali mshiko. Fundi huchukua soketi ndogo kidogo kuliko saizi ya nati, akaigongomea kwa nyundo mpaka ing'ate, ndipo akaizungusha. Kuna pia soketi maalumu zenye meno ya mzunguko ndani, ambazo huzidi kuuma kadiri zinavyogeuzwa. Baadhi ya nati zina ganda jembamba la urembo juu ya chuma. Kutu ikiingia kati, ganda huvimba na spana ya kawaida hukataa kuingia. Ganda hilo hutolewa kwa patasi, na nati mpya hununuliwa.

Gari lililonunuliwa mkono wa pili laweza kuwa na nati za kufuli, zile zinazofunguliwa kwa soketi yake pekee ili kuzuia wezi wa magurudumu. Mnunuzi aulize soketi hiyo iko wapi kabla ya kulipa. Huwa imefichwa chini ya gurudumu la akiba au katika kijisanduku cha dashibodi. Isipopatikana, ni bora nati hizo ziondolewe gereji mapema kuliko kusubiri pancha iwe Mtito Andei saa nne usiku.

Njia moja haipaswi kujaribiwa na dereva kando ya barabara, nayo ni moto. Ni kweli joto hutanua nati na kuvunja kutu, lakini tairi lililojaa upepo likipashwa moto kupitia rimu laweza kulipuka kwa kishindo cha kuua, hata dakika kadhaa baada ya moto kuondolewa. Joto pia hudhoofisha rimu za alumini na huharibu ugumu wa boliti. Kazi ya gesi au ya kuchomelea haifai kufanywa kwenye rimu ambayo tairi bado imo.

Kuna siku nati zote hutoka lakini gurudumu lenyewe likagoma. Hili huwapata zaidi wenye rimu za alumini, kwa kuwa metali hiyo ikikutana na chuma cha habu penye unyevu hutokea kutu inayozigandisha pamoja. Wengi hulipiga teke gari likiwa juu ya jeki, jambo la hatari kubwa. Njia salama ni kurudisha nati zote na kuziacha zikiwa zimelegea kwa mizunguko miwili, kuteremsha gari, kisha kuliendesha mbele na nyuma kwa mita moja hivi. Uzito wa gari utalibandua gurudumu.

Wakati wa kufunga, uzi wa boliti na uso wa habu visuguliwe hadi vitakate. Kupaka grisi kwenye uzi ni jambo linalozua ubishi gerejini, lakini watengenezaji wengi wa magari hutaka nati zifungwe kavu. Grisi hupunguza msuguano, na kwa nguvu ile ile ya mkono boliti huvutwa kuliko ilivyokusudiwa. Nati zianzishwe kwa vidole, zikazwe kwa kuruka moja hadi nyingine mithili ya nyota, na zimaliziwe kwa spana yenye kipimo gari likiwa chini. Asiye na spana hiyo atumie mkono tu kwenye spana ya kawaida, bila bomba wala mguu, kisha azikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Boliti iliyovunjika ibadilishwe siku hiyo hiyo, kwa sababu zilizosalia hubeba mzigo wake.