Meli Iliyozimwa Liuli

Agosti 13, 1914, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, mahali tunapopaita leo Liuli, mwambao wa Ruvuma. Ghafla meli ya Waingereza, Guendolen, ikatokea na kufyatua mzinga. Nahodha Berndt alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Inasimuliwa kuwa alikwenda kwa hasira kumuuliza rafiki yake, Kapteni Rhoades, kama amelewa. Rhoades akamteka, akang'oa sehemu muhimu za mitambo ya Wissmann, kisha akaondoka. Hakuizamisha. Hakuwa na haja.

Tukisoma historia ya meli tunakutana zaidi na simulizi za kuzama. Liuli inatukumbusha kwamba meli inaweza kufa bila kuguswa na maji.

Miezi saba kabla ya tukio hilo, Januari 1914, mataifa yalitia saini jijini London mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, baada ya msiba wa Titanic. Usiku ule wa 1912 taa za Titanic ziliendelea kuwaka karibu mpaka mwisho. Wahandisi wake wote walikufa. Matoleo ya baadaye ya mkataba huo yanadai chanzo cha pili cha umeme. Jenereta ya dharura hukaa juu, mbali na chumba cha injini, ikiwa na mafuta yake na ubao wake wa swichi. Umeme mkuu ukikatika, inapaswa kuwaka yenyewe na kutoa umeme ndani ya sekunde 45.

Hata hivyo, jenereta hiyo haiendeshi injini kuu. Machi 26, 2024, meli ya Dali ilizimika mara mbili karibu na daraja la Baltimore, Marekani, ikaligonga. Wafanyakazi 6 waliokuwa wakikarabati barabara juu ya daraja walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba kuzimika kwa kwanza kulitokana na waya mmoja uliolegea: kibandiko chake kiliuzuia kuingia sawasawa mahali pake. Kuzimika kwa pili kulitokana na pampu ya mafuta isiyoweza kujiwasha upya.

Leo MV Mbeya II inabeba abiria katika Ziwa Nyasa, nazo MV Ruvuma na MV Njombe zinabeba mizigo. Sehemu nyingine za ziwa hili zina kina cha karibu mita 700. Meli ikizimika huko, nanga haifiki chini. Upepo huigeuza ubavu kwa mawimbi. Kinga yake ni kazi isiyoandikwa magazetini: kukagua kila kiungo cha waya, kuzima umeme makusudi meli ikiwa gatini, na kuhesabu sekunde mpaka jenereta ya dharura iwake.

Kuizima Wissmann, Rhoades alihitaji meli na mzinga. Dali ilitosha waya mmoja.