Mtoto akae na nani? Hadhana jana na leo

Dada zetu, neno hadhana tunalisikia zaidi ndoa inapovunjika, na wengine hudhani ni jambo la mahakama za siku hizi. Ni la kale. Katika fiqhi ya Kishafi, ambayo wengi wetu Zanzibar tunaifuata, mama ndiye wa kwanza kumlea mtoto mdogo, na baba anatoa nafaka. Mtoto akifika umri wa kupambanua, kiasi cha miaka 7, huulizwa anamtaka nani.

Sasa watazameni Waingereza, waliotuweka chini ya himaya yao mwaka 1890. Kwao, kwa sheria yao ya zamani, watoto walikuwa wa baba. Caroline Norton alipotengana na mumewe mwaka 1836 alinyang'anywa wanawe watatu. Akaandika, akahangaika, na mwaka 1839 Bunge likapitisha sheria ya kumruhusu mama kuomba apewe watoto walio chini ya miaka 7. Yeye haikumfaa: wanawe walikuwa wamepelekwa Scotland, ambako sheria ile haikufika.

Kwetu nako mwiba upo. Mama akiolewa na mwanamume asiye jamaa wa mtoto, haki yake ya hadhana huondoka, ikahamia kwa bibi mzaa mama. Wangapi tunawajua waliokataa posa kwa kuogopa hilo? Baba akioa, haulizwi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na hapo, kwa maoni yetu, ndipo mama aliyeolewa tena anapopata pa kushika mbele ya hakimu.